Bustani na Misitu ya Morisi

Morisi ni kisiwa kilichoizidi Unguja kidogo tu kwa ukubwa, mashariki ya Madagaska. Ukitoka uwanja wa ndege unapokewa na miwa: miwa kulia, miwa kushoto, mpaka miguuni mwa milima. Wageni wengi huipita miwa hiyo mbio wakiwahi fukwe, kisha wakarudi kwao wakisema wameiona Morisi. Fukwe nzuri tunazo sisi. Kinachostahili nauli ni bustani na hifadhi za kisiwa hiki, maana humo ndimo unamoona kwa macho nchi iliyokatiwa karibu msitu wake wote wa asili, na watu wanaojitahidi kuurudisha mche kwa mche.

Anzia Pamplemousses, kaskazini, karibu na Port Louis. Jina rasmi la bustani hii ni la Sir Seewoosagur Ramgoolam, aliyeiongoza nchi kwenye uhuru mwaka 1968. Ilianza kama shamba la gavana Mfaransa, Mahé de Labourdonnais, lililolisha mboga makao yake na meli zilizotia nanga. Aliyeifanya iwe bustani ya mimea ya dunia ni Mfaransa mwenziwe, Pierre Poivre. Wakati huo Waholanzi walikuwa wameihodhi biashara ya karafuu na kungumanga, na kutoa mche nje ya visiwa vya Maluku ilikuwa hatari kubwa. Watu wa Poivre walifanikiwa kuitorosha miche hiyo na kuifikisha Morisi mwaka 1770. Msomaji wa Unguja na Pemba asiipite habari hii upesi: karafuu zilizokuja kuijenga Zanzibar ziliingia mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya eneo hili vilivyotawaliwa na Wafaransa.

Bahari iliyobeba miche hiyo ilibeba watu pia. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, wengi wao wa mashamba ya visiwa hivi. Kusini-magharibi, mlima Le Morne ulikuwa maficho ya watumwa waliotoroka, na tangu 2008 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ukitembea kivulini Pamplemousses, kumbuka mikono iliyofanya kazi katika kisiwa hiki zama hizo.

Katika bustani yenyewe, watu husongamana kwenye bwawa la mayungiyungi makubwa ya Amazon. Jani moja ni pana kama sinia la pilau ya harusi, ukingo wake umepinda juu pande zote, na upande wa chini umejaa miiba. Ua hufunguka jioni likiwa jeupe, kesho yake likageuka waridi, kisha likazama. Mimi hupenda zaidi miti ya jamii ya mnazi na mtende, iliyopandwa hapa kwa aina nyingi ajabu. Mmoja, talipoti, hukaa miongo kadhaa bila ua hata moja. Kisha hutoa shada kubwa kileleni, ukazaa, ukafa.

Curepipe, juu kwenye nyanda za mvua, kuna bustani ndogo ambayo vitabu vya watalii huitaja kwa mstari mmoja. Usiiache. Ndani ya uzio, umezungushiwa vyuma vya kuushikilia, umesimama mti mwembamba wa jamii hiyohiyo ya mnazi na mtende, Hyophorbe amaricaulis. Ndio pekee wa aina yake uliobaki duniani. Maua yake ya kiume na ya kike hayapevuki wakati mmoja, kwa hiyo kujizalisha ni shida, na majaribio ya maabara ya kuukuzia mrithi hayajafaulu.

Hifadhi ya Taifa ya Black River Gorges ilitangazwa mwaka 1994, nayo ina zaidi ya hekta 6,500 za mabonde na maporomoko ya maji. Wenye miguu mizuri watapenda njia ya kutoka Petrin kupitia msitu wa Macchabée. Lakini si kila kijani humu ni cha asili. Mpera mdogo wa Brazili umeusonga msitu, na nguruwe, kulungu na tumbili, wote walioletwa na binadamu, hula miche na mayai. Waholanzi nao, waliokaa kisiwani kabla ya Wafaransa, walikuwa wamekata mpingo wa kisiwa kwa kiasi cha kutisha, na zama zao ndizo zilizommaliza ndege dodo.

Kozi wa Morisi naye alikuwa ukingoni: mwaka 1974 walijulikana wanne tu porini. Mwanabiolojia wa Wales, Carl Jones, na wenzake waliyachukua mayai ya mwanzo wakayaangua wenyewe, na jike akataga tena. Leo kozi hao ni mamia. Njiwa wa waridi, aliyebakia na ndege wapatao kumi porini mwaka 1991, ameokolewa pia.

Mahali panaponigusa kuliko pote ni Île aux Aigrettes, kisiwa cha mawe ya matumbawe chenye hekta 26 karibu na Mahébourg. Kobe wa asili wa Morisi walikwisha zamani, wakaletwa kobe wakubwa wa Aldabra, ndugu wa wale wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar. Kobe hula matunda ya mpingo na kuzitawanya mbegu, na mipingo michanga inachipua mbali na mama zao. Mwaka 2020 meli Wakashio ilikwama jirani na mafuta yakamwagika. Raia waliacha kazi zao wakashona vizuizi vya majani ya miwa ili kuzuia mafuta yasienee.

Kwa hiyo, ukiwa na muda wa sehemu moja tu, chagua Île aux Aigrettes. Huruhusiwi kutembea humo bila kiongozi, kwa hiyo weka nafasi mapema, vaa viatu vya kufunga, na muulize kiongozi wako akuonyeshe miche ya mpingo. Pesa za kiingilio husaidia kuitunza.