Balozi Akifika Rumangabo

Hifadhi ya Taifa ya Virunga ni mtoto wa diplomasia. Mwaka 1919 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alizuru Marekani na kutembezwa Yosemite na wanasayansi waliotamani kuona Afrika nayo ikitenga ardhi kwa ajili ya wanyama. Miaka miwili baadaye Carl Akeley, Mmarekani aliyekuja kuwinda gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, aliondoka milimani akiwa mtetezi wao. Ombi lake lilifika kwa mfalme kwa msaada wa balozi wa Ubelgiji mjini Washington, Baroni de Cartier de Marchienne, na tarehe 21 Aprili 1925 amri ikatiwa saini. Hivyo ndivyo Kongo ilivyopata hifadhi ya taifa ya kwanza barani. Katika barua zote hizo, mkulima na mfugaji wa miteremko ya Mlima Mikeno hakuwa na nafasi ya kusema neno. Mipaka ilipopanuliwa miaka iliyofuata, familia zilihamishwa, na wajukuu wao bado wanadai mashamba hayo hadi leo.

Kila balozi anayepanda Barabara ya Taifa Namba 2 kutoka Goma anarithi deni hilo, ajue asijue. Rumangabo iko kilomita 45 hivi kaskazini mwa mji, katika wilaya ya Rutshuru, baada ya kupita Kibumba na Rugari. Makao makuu ya hifadhi yako hapo, jirani na kambi kubwa ya jeshi. Wageni huoneshwa kituo cha Senkwekwe, makao ya gorila wa milimani walioachwa yatima, kilichopewa jina la dume aliyeuawa pamoja na wenzake wa familia ya Rugendo mnamo Julai 2007. Kisha hutangazwa msaada, na hotuba husomwa juu ya ushirikiano wa mazingira. Msikilizaji wa redio mjini ana haki ya kuuliza: ziara hizi zinatusaidia nini?

Zinasaidia, na nitaeleza kwa njia gani. Ila manufaa yenyewe mara nyingi hayaonekani pichani.

Mfano ulio wazi ni wa mafuta. Kampuni ya Uingereza iitwayo SOCO International ilipewa kibali cha kutafuta mafuta katika kitalu kinachoingia ndani ya hifadhi, hadi Ziwa Edward. Septemba 2012 serikali ya Uingereza ilitamka hadharani kwamba inapinga utafutaji wa mafuta Virunga, eneo la Urithi wa Dunia tangu 1979. Serikali kuipinga kampuni ya nchi yake si jambo dogo, lakini tamko hilo peke yake lisingetosha. Wavuvi wa Vitshumbi, kando ya ziwa hilo, walikuwa wakisema wazi kwamba ziwa likichafuka watoto wao watakosa chakula, na walisema hivyo huku wakitishwa. Walinzi wa hifadhi walikuwa wakikusanya ushahidi. Tarehe 15 Aprili 2014 mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi katika barabara hiyohiyo ya Rumangabo, akitoka kukabidhi faili kwa mwendesha mashtaka mjini Goma. Alipona. Mwezi Juni mwaka huo kampuni iliahidi kutochimba. Sauti ya mvuvi ilikuwa na ukweli lakini haikuwa na mlango wa kuingilia London, na wanadiplomasia walikuwa na mlango huo. Viwili hivyo vilipokutana, kitu kilisogea.

Ndiyo maana naona uhamasishaji wa umma unafanywa kinyumenyume mara nyingi. Mgeni huja na ujumbe wa kuwapa wananchi: msikate miti, mpende gorila. Mwananchi wa Rugari anaijua miti kuliko mgeni. Anachokosa ni mtu wa kubeba neno lake kwenda mahali linapoweza kuamua jambo.

Tuchukue suala la makala, jina ambalo mkaa unaitwa Goma na kote Kivu. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja unapika kwa makala, na sehemu kubwa ya miti hiyo hutoka ndani ya hifadhi, kwenye misitu inayozunguka volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Mti ukishakatwa hufukiwa kwenye tanuri la udongo, ukachomwa polepole kwa siku kadhaa, halafu magunia yakateremshwa kwa mgongo, kwa lori na kwa chukudu, baiskeli ya mbao. Njiani yapo makundi yenye silaha yanayotoza kodi kwenye tanuri na kwenye barabara, na waasi wa FDLR wamekuwa katika biashara hiyo kwa miaka mingi. Mauaji ya gorila ya 2007 yalihusishwa na mtandao wa makala: walinzi walikuwa wameanza kuukaba, na walioona hasara wakalipiza kwa wanyama. Kwa hiyo gunia moja linamlisha mchomaji maskini, linaipa bunduki risasi, na linamwezesha mama wa mtaa wa Majengo au Ndosho mjini Goma kuivisha sombe. Hakuna bango la kuhamasisha linaloweza kukata mnyororo huo.

Fedha za wafadhili ziligusa jambo hili pale zilipogeuka kuwa umeme. Umoja wa Ulaya, mfadhili mkubwa wa hifadhi kwa miongo kadhaa, ulisaidia mtambo mdogo wa Mutwanga ulioanza kazi 2013. Mwaka 2015 ukafuata mtambo wa Matebe, wenye zaidi ya megawati 13, kwa mchango wa mfuko wa Mmarekani Howard Buffett. Maji yanayotiririka kutoka milima ya hifadhi yakaanza kuzungusha mashine za kusaga, karakana za kuchomelea, na baadaye pampu za maji mjini Goma. Chungu cha maharagwe bado kiko juu ya makala, maana jiko la umeme na bili yake vina gharama. Lakini kijana mwenye kazi ya kuchomelea vyuma hana sababu ya kwenda kulala msituni akichunga tanuri. Januari 2025, vita vilipofika Goma na umeme ukakatika, pampu zilisimama na watu wakateka maji ziwani moja kwa moja. Siku hizo kila nyumba ilitambua jinsi uhai wake ulivyofungamana na milima ile.

Kuna kazi nyingine ambayo mwanadiplomasia anaifaa zaidi ya yote, nayo ni ya mpakani. Gorila wa milima ya Virunga hawajui Kongo wala Rwanda wala Uganda. Familia ya Nyakagezi ya hifadhi ya Mgahinga, Uganda, iliwahi kuvuka mara kwa mara kwenda nchi jirani, kisha kurudi. Basi mlinzi wa upande mmoja akilala, kazi ya wenzake wawili inaharibika. Mwaka 1991 watumishi wa hifadhi za nchi tatu walianza kukutana na kupashana habari chini ya mpango wa kimataifa wa kuhifadhi gorila. Mawaziri walikuja baadaye: azimio lilitiwa saini Goma mwaka 2005, na mkataba rasmi mwaka 2015, sekretarieti ikiwa Kigali. Mpangilio huo, walinzi kwanza na mawaziri baadaye, ndio uliofanya ushirikiano uwe mgumu kuvunjika. Madaktari wa gorila wanatibu katika nchi zote tatu. Katika sensa ya 2015 na 2016 timu zilipita msituni pamoja na kuhesabu gorila 604 kwenye safu hiyo ya milima, kutoka 480 mwaka 2010. Pamoja na wale wa Bwindi, jumla yao ilipita 1,000, na mwaka 2018 wakaondolewa kwenye daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Yote hayo yalitendeka wakati serikali zenyewe zikitazamana kwa jicho baya.

Gharama ya ulinzi huo walilipa watu wa hapa. Zaidi ya walinzi 200 wamekufa katika historia ya hifadhi. Tarehe 24 Aprili 2020 pekee, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12, dereva wao na raia wanne. Barabara yenyewe haikumhurumia hata mgeni: tarehe 22 Februari 2021 Luca Attanasio, balozi wa Italia, aliuawa karibu na Kibumba pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na Mustapha Milambo, dereva Mkongo wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Walikuwa wakienda Rutshuru kuona mpango wa chakula shuleni. Nawataja wote watatu kwa sababu habari nyingi zilimtaja mmoja.

Sasa Rumangabo iko katika eneo ambalo waasi wa M23 walilishika mwishoni mwa 2022, na Goma yenyewe iliangukia mikononi mwao Januari 2025. Hali kama hii si ngeni. Oktoba 2008 wapiganaji wa CNDP waliyateka makao makuu ya hifadhi na walinzi wakakimbilia Goma kwa miguu kupitia msituni. De Merode alivuka mstari wa mapigano akazungumza na waasi, na mwezi uliofuata walinzi wakarudi kazini bila silaha za upande wowote kuwazuia. Mazungumzo hayo hayakuwapa waasi uhalali. Yaliwapa gorila ulinzi. Balozi wa leo anapaswa kuweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Nafasi ipo. Tamko la kanuni ambalo Kongo na Rwanda zilitia saini Washington tarehe 25 Aprili 2025, miaka 100 na siku nne baada ya amri ya Mfalme Albert, lilitaja usimamizi wa hifadhi za taifa na umeme wa maji miongoni mwa mambo ambayo nchi hizi zinaweza kushirikiana. Meza ya maji, misitu na wanyama imetandikwa tena mjini Washington, palepale Baroni alipofanyia kazi yake. Safari hii wajumbe wana kitu ambacho mwaka 1925 hakikutafutwa: machifu wa Bukumu na Bwisha wanaoujua mpaka jiwe kwa jiwe, vyama vya wavuvi wa Vitshumbi, wanawake wauza makala wanaojua kila gunia limetozwa na nani na wapi, na walinzi waliohesabu gorila bega kwa bega na wenzao wa Rwanda na Uganda. Naomba waitwe kabla rasimu ya kifungu chochote cha hifadhi haijaandikwa, kwa Kiswahili, na majibu yao yapelekwe Kinshasa, Kigali na Kampala yakiwa na majina ya vijiji vyao.