Kanga Msibani: Vazi na Jina Lake
Katika miji ya mwambao, mwanamke aendaye msibani hujifunga kanga moja kiunoni, juu ya gauni, na kujitanda ya pili kichwani. Rangi haina amri moja. Kinachotazamwa kwanza ni stara, kisha jina, yaani maandishi yaliyo sehemu ya chini ya mji wa kanga. Jina husomwa, na wasomaji hawakosekani. Fumbo la ukewenza, ambalo sokoni lingechekesha, matangani huweza kuchukuliwa kuwa ni kijembe kwa wafiwa, hata kama mvaaji alitwaa tu kanga iliyokuwa karibu. Mwenye tahadhari huchagua jina la dua, au hukunja pindo ili maandishi yasionekane. Mjane wa Kiislamu asiye mjamzito hukaa eda ya miezi 4 na siku 10 bila mapambo yoyote.