Kuukuu, chakavu au kongwe? Maneno ya kuipangia bei pikipiki ya zamani

Katika kijiji kimoja wilayani Kongwa, mashariki ya Dodoma, niliwahi kushuhudia mauziano yaliyokwama kwa sababu ya kivumishi. Mjane wa mwalimu alikuwa akiuza Honda CG125 ya marehemu mumewe, iliyokaa ghalani miaka tisa. Mnunuzi kutoka mjini aliizunguka mara moja, akasema: “Mama, hiki ni chuma chakavu.” Mama akamjibu: “Ni kuukuu, mwanangu, lakini si chakavu.” Waliokuwapo walicheka, wakidhani ni ubishi wa maneno matupu. Haukuwa hivyo. Chuma chakavu hununuliwa kwa kilo, na kama mama angelikubali neno lile, mizani ingekuwa imekwisha kuletwa uani.

Tuanze, basi, na vivumishi vyenyewe, kwa kuwa wanafunzi na wafasiri wengi huvitumia kana kwamba ni visawe kamili.

Kuukuu husemwa juu ya kitu kilichopoteza upya wake kwa kutumika muda mrefu. Hakisemi kwamba kitu hicho hakifai tena: nguo kuukuu huvaliwa shambani, na baiskeli kuukuu hubeba maji. Chakavu hutokana na kitenzi chakaa, na maana yake iko jirani sana na ya kuukuu. Lakini biashara ya vyuma chakavu imelisogeza neno hili kuelekea kitu ambacho kazi yake imekwisha, kikabaki malighafi tu. Bovu hutaja kasoro, wala si umri. Pikipiki iliyonunuliwa jana yaweza kuwa mbovu leo. Kongwe hutaja umri pamoja na heshima, kama tusemavyo chuo kikongwe au mwanasiasa mkongwe. Muuzaji anayesema “pikipiki kongwe” ameshaomba nyongeza ya bei kabla ya kutaja tarakimu.

Zamani na kale nazo zinahitaji uangalifu. “Pikipiki yangu ya zamani” yaweza kuwa iliyoundwa miaka mingi iliyopita, au ile niliyokuwa nayo kabla ya hii ya sasa. “Pikipiki ya kale” haifai kabisa katika tafsiri rasmi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 huhesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, ilhali chombo cha Daimler, kinachotajwa mara nyingi kuwa pikipiki ya kwanza ya injini ya petroli, kiliundwa Ujerumani mwaka 1885. Kwa kipimo hicho, hakuna pikipiki ya kale duniani.

Kosa jingine ni kuiita “iliyotelekezwa” pikipiki yoyote isiyotunzwa. Kutelekeza ni kuacha kitu au mtu unayewajibika kwake, bila kujali. Pikipiki ya mjane yule haikutelekezwa, ilikosa mwendeshaji. Katika hati ya mauziano tofauti hiyo ni nzito, kwa maana kilichotelekezwa huzua swali: mwenyewe ni nani?

Baada ya vivumishi huja nomino tatu ambazo mnunuzi akizichanganya atapata hasara: thamani, gharama na bei. Thamani ni ya kitu. Gharama ni ya yule atakayekitengeneza. Bei ni ya mapatano baina ya watu wawili. Tuchukue tarakimu za mfano tu. Ikiwa pikipiki ya aina ile ile, inayotembea vizuri, ina thamani ya shilingi 1,200,000, na gharama za vipuri, fundi, usafiri na kuhamisha umiliki ni 600,000, basi bei isizidi 600,000. Mnunuzi mwenye busara hupunguza tena kidogo kwa ajili ya ubovu uliojificha. Akitoa pungufu mno kwa kuwa muuzaji ana shida, husemwa amemlalia. Akitoa kupita kiasi, amepigwa.

Gharama hujulikana kwa kukagua. Fundi aliyeitwa siku ile alikanyaga kiki polepole kwa mkono; ikashuka, ishara kwamba pistoni haikuwa imeganda. Alifungua tangi akatazama kutu na mabaki ya petroli. Hali ya hewa ya uwanda wa kati, ambako mvua hunyesha kwa miezi michache kati ya Novemba na Aprili, huhifadhi chuma kuliko unyevu wa pwani. Lakini joto na ukavu hupasua matairi na mipira, nalo vumbi huziba kabureta. Aina ya pikipiki nayo ina uzito wake. CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976, na injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China, hivyo vipuri vingi vinavyoielekea hupatikana katika maduka ya bodaboda. BSA ya Kiingereza yaweza kuwa kongwe zaidi, lakini ringi zake hazitafutwi Majengo sokoni zikapatikana siku hiyo hiyo.

Halafu ipo kadi ya usajili. Namba ya injini na ya fremu zisipolingana na zilizomo kwenye kadi, au jina likiwa la marehemu bila hati za mirathi, mnunuzi hajanunua pikipiki bali kesi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Neno moja la sarufi kabla ya kumaliza. Kitu huwa ghali au rahisi. Bei huwa kubwa au ndogo, ya juu au ya chini. “Bei ghali” na “bei rahisi” husikika kila siku, lakini katika maandishi rasmi ni bora kuandika “pikipiki ni ghali” au “bei ni kubwa”. Nafuu huenda na vyote viwili. Na malipo ya awali ya kuthibitisha nia ya kununua, ambayo mitaani huitwa kishika uchumba, katika hati yaitwe arubuni.

Mjane yule hakupata alichotaja kwanza, wala mnunuzi hakulipa kwa kilo. Niliombwa kuandika hati yao, nikaandika: “pikipiki kuukuu, isiyotembea kwa sasa, yenye kadi”. Kila neno lilikuwa limekaguliwa na fundi, na mama alilisoma mara mbili kabla ya kutia saini.