ODA YA USIKU WA TUZO HAINA KESHO

Kama unauza vikombe, fulana au keki mtandaoni, hii inakuhusu.

Nilipata oda ya vikombe 6 vya mashindano ya kuvua samaki bahari kuu, Msasani. Mimi nipo Mbagala. Nikapiga hesabu: siku ya mwisho boti zinarudi alasiri, samaki wanapimwa, nachonga majina, saa 2 usiku nimeshafikisha. Rahisi.

Kumbe sivyo. Jodari na nguru wanapanda mzani, sawa. Lakini nduaro na sulisuli mara nyingi huwekewa alama na kuachiwa hai baharini, mvuvi anapewa pointi. Pointi hizo lazima zihakikiwe na kujumlishwa. Majina nikatumiwa saa 12 na nusu jioni. Nikachonga mbio mbio, nikakodi bajaji, foleni ya Barabara ya Kilwa ikanikalia. Nafika, washindi wameshapiga picha mikono mitupu. Salio la sh. 180,000 sikulipwa, na sikuwalaumu.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Nauliza mapema: matokeo yanatoka saa ngapi, na nani anayathibitisha?
2. Mwaka na aina ya tuzo nachonga kabla. Jina linakaa kwenye kibati cha kubandika.
3. Vikombe vinafika ukumbini asubuhi. Jina likichelewa, picha haichelewi.
4. Advansi lazima irudishe gharama ya mzigo wote.

Mteja wa sherehe hanunui kikombe tu, ananunua na ile saa yake. Wewe je, oda gani ilishawahi kukuponyoka kwa kuchelewa?