Kap ni nyumbani

Nilikodi gari Nakuru na kushika njia ya Kericho, nikiwa nimejiapiza kwamba likizo hii sitaigusa isimu. Kiapo hicho hakikufika jioni.

Baada ya Londiani chai ilianza, imekatwa sawasawa hadi upeo wa macho, na mvua ya alasiri ikaja kwa saa yake. Mgeni husimama hapo, akapiga picha, akaenda zake. Mimi nilisimamishwa na vibao. Njia ya Kisumu ina Kapsoit. Ya Bomet ina Kapkatet na Kaplong. Kwa Kikipsigis, kap ni nyumbani kwa fulani, au mahali pake. Kila kibao, basi, chamtaja mwenyeji.

Yuko wapi? Mzee niliyemwuliza njia alinyosha fimbo kuelekea shambani. “Mwanangu, pale palikuwa na boma la babu yangu.” Kisha akanielekeza barabara, kwa upole.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamishia ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi waitwao orkoiyot, huko Gwassi kando ya Ziwa Viktoria. Familia nyingine nyingi za Wakipsigis nazo ziliondolewa kuipisha chai. Ajabu ni kuwa majina hayakufukuzwa: Chagaik na Kerenga yalibaki, yakawa ya mashamba ya kampuni.

Usiku kijana wa hoteli aliniletea birika. Nilimwuliza kwao ni wapi.

Alifikiri kidogo. “Baba alizaliwa kambini, mzee. Kambi ya wachuma chai.”