Fimbo haiondoi hofu: kuwatunza vijana walio vituoni

Sisi wa Lusangi, huku Kasongo na Kabambare, tunawajua vijana hawa. Wengine walitumikishwa na makundi yenye silaha upande wa Salamabila, wengine walipoteza wazazi wakikimbia vita, wengine walikulia kwenye mashimo ya dhahabu. Wanapopokelewa kituoni tunawaza kwanza chakula, mkeka, chandarua na pesa za masomo. Ni vizuri. Lakini mtoto anaweza kushiba na bado asilale.

Anaamka usiku akipiga kelele. Anashtuka mlango ukigongwa, anakojoa kitandani na ana miaka 12, anapigana kwa jambo dogo, ama ananyamaza siku nzima. Watu husema ana pepo au ana kiburi. Mara nyingi ni mwili ambao ungali unangojea hatari. Tuendelee kumwombea, na tumpeleke pia kwa mganga hospitalini. Hayo mawili hayagombani.

Mwaka 2011 watafiti walitoa habari za watoto 38 wa nyumba moja ya yatima nchini Tanzania. Wengi walikuwa wamepigwa kwao, kisha wakapigwa tena humo humo kituoni. Basi walezi walifundishwa kulea bila fimbo. Watoto waliokuwa na kiwewe walisaidiwa kusimulia maisha yao pole pole, tangu kuzaliwa, mpaka lile jambo baya likae mahali pake, katika siku zilizopita. Mapigo yalipungua, na kiwewe pia. Sisi tunaona kwamba badiliko la watu wazima ndilo lililofungua njia, kwa sababu mtoto hawezi kusahau hofu mahali anapoogopa.

Hapa kwetu Kongo ya mashariki, utafiti wa mwaka 2013 ulifuata wavulana 50 wa miaka 13 hadi 17, miongoni mwao waliokuwa askari watoto. Waliopata vikao 15 vya kikundi walitulia kuliko wenzao waliokuwa wakingoja zamu yao. Na sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inadai nidhamu ya utu katika familia, shule na vituo.

Kwa hiyo kila mtoto awe na mlezi wake mmoja anayemjua kwa jina, asiyebadilishwa kila mwezi. Ratiba isiyogeuka nayo husaidia: saa ya kula, ya mpira, ya kwaya, ya kulala. (Wageni wa kupiga picha wangoje nje.) Tena tusimsimamishe kijana mbele ya kanisa atoe ushuhuda wa aliyoyaona msituni. Kusimulia kunakoponya hufanyika faraghani, na mtu aliyefundishwa, mtoto mwenyewe akikubali.

Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.