Roble: Mtoto Aliyekuja na Mvua

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jina moja tu. Si jina la nabii wala la mfalme. Ni jina ambalo ukienda Liboi, kule mpakani mwa Wilaya ya zamani ya Garissa na nchi ya Somalia, utalisikia mara chache, na kila ukilisikia una haki ya kuuliza: ni mvua gani hiyo? Jina lenyewe ni Roble.

Kwanza tuangalie maana yake. Katika lugha ya Kisomali mvua huitwa "roob", na kile kipande cha mwisho, "le", maana yake ni mwenye kitu. Mwenye ngamia ni Gelle, na hilo nalo ni jina la mtu. Basi Roble ni mwenye mvua, yaani mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua, au aliyekuja na mvua mkononi. Tangu Kisomali kilipopewa maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, wenyewe huliandika Rooble, kwa sababu "o" ile huvutwa. Sisi wa Kenya huandika Roble, na ndugu zetu wa Djibouti huongeza "h" mwishoni. Jina ni lile lile. Waziri Mkuu wa Somalia kuanzia 2020 hadi 2022, Mohamed Hussein Roble, alikuwa nalo.

Pili, tuulize asili yake. Jina hili ni la zamani, la wachungaji wa mifugo. Watu wasiokuwa na kalenda ukutani waliiandika kalenda yao katika watoto wao. Mtoto aliyezaliwa katika safari ya kuhama aliitwa Gedi. Aliyezaliwa habari njema zilipofika aliitwa Warsame. Aliyezaliwa mvua ikinyesha aliitwa Roble. Majirani zao Waborana hufanya vivyo hivyo: wana Roba wa mvua, na wana Bonaya wa kiangazi. Kwa hiyo mzee asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa si mtu asiyejua habari zake. Atakwambia alizaliwa katika Gu, zile mvua za kuanzia Aprili, au katika Deyr, zile za kuanzia Oktoba, na ya mwaka gani, ule wa ugonjwa wa ng'ombe au ule wa mafuriko.

Tatu, kwa nini jina hili ni adimu? Huko magharibi mwa Kenya huwezi kuingia darasani usimkute Wafula au Nafula. Kisumu na Siaya wamejaa akina Okoth na Akoth. Ukambani yuko Wambua, na kwa Wadigo yuko binti Nyamvula. Wote hao ni watoto wa mvua. Lakini Kakamega hupata mvua zaidi ya mara tano ya ile ya Garissa, ambayo kwa mwaka mzima ni wastani wa milimita 300 hivi. Siku za mvua Liboi zahesabika kwa vidole. Mtoto azaliwe katika siku hizo chache, azaliwe wa kiume, na tena wazazi wachague jina la mvua badala ya Mohamed, Abdi au Ahmed, majina yanayopendwa zaidi kwa ajili ya dini. Ndiyo maana akina Roble ni wachache.

Hata hivyo, jina hili lina maisha marefu kuliko mwenyewe. Msomali hana jina la ukoo kama Wazungu walivyo nalo. Ana jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Tuchukue mfano tu: mtu aitwaye Abdi, mwana wa Roble, mwana wa Hassan. Akizaa mtoto amwite Ahmed, mtoto huyo ni Ahmed Abdi Roble. Baba mwisho wake ni Hassan, mwana mwisho wake ni Roble, wala hapana udanganyifu wo wote. Na mwanamke akiolewa haliachi jina la baba yake. Basi ukimwona kijana ambaye jina la tatu katika kipande chake ni Roble, ujue unasoma habari ya mvua iliyomnyeshea bibi yake mkubwa akiwa katika uchungu, pengine miaka themanini iliyopita.

Haya si mambo ya kupitia juu juu. Mwalimu au karani aliyetoka bara, asiyejua mpango huu, huweza kuandika jina vibaya, au kumshuku baba na mwana kwa kuwa majina yao ya mwisho si mamoja. Na katika sehemu hizi jina lililoharibika ni shida kubwa. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walihesabiwa peke yao, wakatakiwa kueleza ukoo wao na kupewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kipande cha kawaida. Kwa miaka mingi baadaye vijana wa wilaya za mpakani walihojiwa zaidi ya wenzao kabla ya kupata kitambulisho, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza huko Wajir kwamba mahojiano hayo yakome. Kuliandika jina la mtu sawasawa ni haki, na haki ni sehemu ya upendo.

Wapenzi, Biblia nayo yajua majina ya namna hii. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Hajiri, mjakazi mwenye mimba, aliyekimbia jangwani. Penye chemchemi aliambiwa amwite mwanawe Ishmaeli, yaani Mungu asikia. Miaka ikapita. Akafukuzwa na mtoto wake, akiwa na mkate na kiriba cha maji. Maji yakaisha. Akamlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa. Mtu wa Liboi hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Mwaka 2011, katika ukame ule mkubwa, maelfu ya watu walivuka mpaka wakapita hapo Liboi wakielekea kambi za Dadaab, na wako akina mama waliowaacha watoto wao njiani, wamekwisha kufa. Lakini Hajiri alionyeshwa kisima. Lile jina alilopewa wakati wa shida ya kwanza likawa kweli katika shida ya pili. Mungu alisikia.

Hivyo ndivyo jina jema linavyofanya kazi. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo Kaskazini Mashariki. Mifugo ilikufa, silanga zikakauka, watu wakangojea lori la maji kama wangojeavyo mgeni wa heshima. Katika miaka kama hiyo, kumwita mtoto nyumbani, "Roble, njoo!" ni kukumbushana kwamba mvua ilipata kunyesha. Na mvua zikaja 2023. Mwishoni mwa mwaka huo zikazidi, El Niño ikakata barabara za Garissa. Hata baraka yaweza kuja na machozi yake.

Sasa tuliangalie jambo lililo zito zaidi. Jina laweza kumwokoa mtu, na laweza kumwua. Sisi tulioishi Kaskazini Mashariki twajua hivyo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakauawa. Mwezi Desemba mwaka huo huo, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa, abiria wakaamriwa Waislamu wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Akina mama Waislamu waliwapa wenzao vitambaa vya kujifunika kichwa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika kuwatetea, akafa Januari 2016.

Sasa fikirini jina Roble. Halisemi mtu huyu ni wa dini gani. Halisemi ni wa ukoo gani. Lasema tu kwamba siku aliyozaliwa, Mungu alinyesha mvua. Na Bwana wetu alifundisha kwamba mvua ya Baba haichagui shamba la mtu mwema na la mtu mbaya. Wingu likifika Liboi halisimami kizuizini kuuliza kipande. Hunyesha juu ya paa la msikiti, juu ya paa la kambi ya polisi, juu ya kibanda cha mkimbizi na juu ya ngamia wa tajiri. Wafula na Okoth, Wambua na Roble, wote waliitwa kwa zawadi moja kutoka mkono mmoja. Atakayewatenga kwa majina yao hajasoma maana ya majina hayo.

Basi tufanye nini? Ukikutana na jirani mwenye jina usilolizoea, usilicheke wala usilikate ili likufae ulimini. Muulize kwa heshima maana yake, na nani alimpa. Ukiwa mwalimu, karani au askari, liandike kama mwenyewe alitamkavyo. Na wewe mzazi unayengoja mtoto, kumbuka kwamba jina ni mafundisho ya kwanza utakayompa, tena atayabeba baada ya wewe kuondoka, na wajukuu wako watayabeba baada yake.

Na tuombe. Ee Mungu, wewe umjuaye kila mtu kwa jina lake, uwakumbuke walio katika nchi kavu. Uwape mvua kwa kiasi chake. Utufanye sisi nasi kuwa kama mvua kwa majirani zetu, bila ya kuchagua. Amina.